Sakafu Isiyokatwa

Katika karakana ya shangazi yangu kulikuwa na sheria moja tu, na haikubandikwa ukutani kwa sababu aliyeitunga hakupata kusoma. Hatukati. Kigae kikitoka mashineni kizima, kitalala sakafuni kizima. Mafundi wengine hununua vigae vilivyo tayari, wakaanza kona moja na kwenda mbele mpaka wagonge ukuta, kisha hukata vipande vya kuziba palipobaki. Sisi tulianza na chumba. Tunakipima, tunatafuta kipimo cha kigae kitakachokijaza bila kubaki nafasi, ndipo tunamwagiza mchomeleaji atutengenezee fremu ya chuma ya kipimo hicho. Kila chumba na fremu yake. Saruji, mchanga laini na rangi vinamiminwa ndani ya fremu, mkono wa mashine unavutwa chini kwa nguvu za mwili mzima, na kinachotoka ni kigae chenye rangi isiyofutika hata kikanyagwe miaka hamsini.

"Kigae kilichokatwa ni kama shati lililoshonwa mkono mmoja," Shangazi alikuwa akisema. "Utalivaa, lakini watu watakutazama wapi?"

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mwanamke mnene mwenye goti moja bovu na sauti ya kusimamisha lori. Watu walimwita Mama Kamba, kwa namna yake ya kutafuta kipimo. Alichukua kamba ya urefu wa chumba na kamba ya upana. Ile fupi aliikunja katikati, akaikunja tena, na tena, mpaka mkunjo ukatosha kuwa kigae. Kisha mkunjo ule aliutembeza juu ya kamba ndefu, hatua kwa hatua. Ukifika mwisho bila kuzidi wala kupungua, fremu imepatikana. Vyumba vya zamani vilimtii, maana waliovijenga nao walipima kwa kukunja kamba.

Mimi nilikuwa mvuta mashine. Miaka ishirini na minne, kifua kama mlango wa ghala, na kichwa kisichopenda kuambiwa. Shule sikuimaliza. Nilichojua nilijifundisha mwenyewe, na cha kwanza nilichojifundisha ni kutunga mashairi. Mashairi nayo yakanifundisha hesabu. Mstari wa mizani kumi na sita unagawika nane nane, au nne nne. Wa kumi na mbili una njia nyingi zaidi: sita sita, nne nne, tatu tatu, mbili mbili. Wa kumi na moja ni mkaidi, haukubali kugawika kwa chochote ila moja na yenyewe. Nikaanza kuzitazama namba zote kwa jicho hilo, nikiuliza ipi inaigawa ipi bila kubaki. Baadaye, kwenye kitabu kilichopotewa na jalada, nikakuta mambo yangu yana majina. Namba inayoigawa nyingine bila kubaki ni kigawo chake. Zile zinazozigawa namba mbili kwa pamoja ni vigawo vya shirika. Na wale wakaidi, kama kumi na moja, ni namba tasa. Nilifurahi kama mtu aliyegundua kwamba ndugu zake wote wamo mjini.

Binamu yangu, binti wa Shangazi, ndiye aliyechanganya rangi. Alinibandika jina la Profesa wa Saruji.

"Profesa," alizoea kunisalimia asubuhi, "hebu zigawe hizi ndoo mbili kwa mikono yako miwili, uone kama itabaki hata moja hapa chini."

Nilizibeba. Lakini nilizibeba huku nikijua kwamba siku yangu iko njiani.

Ilikuja na daktari mkuu wa hospitali mpya ya wazazi, mama mwembamba mwenye miwani na haraka. Alitaka sakafu ya ukumbi wa kusubiria. Rangi mbili, maziwa na kijani, zipokezane kama ubao wa drafti. Pembe zote nne za ukumbi ziwe kijani. Na katikati kabisa kiwepo kigae kimoja chenye ua jekundu.

"Kimoja tu," alisema. "Mama akiingia na uchungu wake awe na kitu kimoja cha kukazia macho. Na sitaki vipande kwenye kingo. Vipande hubanduka, uchafu ukaingia, na pale ni hospitali."

"Hapa hatukati," Shangazi akamwambia.

"Nimesikia. Yule bwana mwenye msumeno wa umeme naye ameniambia kwamba sakafu isiyo na vipande ni hadithi. Alhamisi nitapita. Mkiniambia mnaweza, kazi ni yenu. Mkishindwa, ni yake."

Shangazi alicheka hadi mabega yakatikisika. "Daktari, siku kigae cha nyumba hii kitakapokatwa, mashine hii naiuza chuma chakavu, pamoja na fremu zake zote. Mimi nitakaa nyumbani nipumzishe goti."

Binamu aliacha kukoroga rangi. Mimi niliacha mkono wa mashine ukining'inia. Shangazi hakuwa mtu wa kutupa maneno. Alipoapa kwamba hatamsemesha jirani mpaka aombe radhi, jirani alikaa miaka saba. Mashine ile ndiyo iliyotulea sote wawili, mimi na bintiye. Nje ya pale hatukuwa na pa kusimama.

Goti lake lilikuwa limevimba wiki ile, kwa hiyo kupima nilikwenda mimi. Nilichukua kamba mbili na futi ya chuma, nikapima mara tatu kila upande, asije mtu akasema nimekosea. Urefu, sentimita elfu moja mia nne thelathini na mbili. Upana, elfu moja tisini na sita. Nikazikata kamba pale pale kwenye kuta, nikarudi kifua mbele.

Jumanne asubuhi Shangazi alizitandaza kamba uani. Ndipo aliposikika mtu getini.

"Hodi wenyewe! Mama Kamba, shikamoo."

Alikuwa ni Msumeno. Hilo ndilo jina lake kwetu, na nadhani hata mkewe alimwita hivyo. Mtu wa makamo, penseli sikioni, vumbi la vigae kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka juu ya macho peke yake.

"Marahaba. Umekuja kununua au kuchungulia?"

"Nimekuja kutoa pole mapema, mama. Ukumbi ule nimeuona. Mhandisi aliyeuchora hakukunja kamba, alichora kwa kompyuta. Hautakutii."

"Kaa hapo kwenye ndoo, ufunge mdomo, utazame."

Akakaa. Shangazi akaikunja kamba fupi mara tano, akapata mkunjo wa zaidi kidogo ya sentimita thelathini na nne. Akautembeza juu ya kamba ndefu, mimi nikihesabu kwa sauti. Hatua ya arobaini na moja ilipoisha, ilibaki shibiri moja na zaidi, haitoshi hatua nyingine. Akaukunja mkunjo wenyewe mara moja zaidi. Ikabaki tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Mama," Msumeno akasema polepole, karibu kwa huruma, "vipande si dhambi."

Hapo damu ilinipanda. "Shangazi, kosa si lako. Kamba inajua kugawa kwa mbili tu. Mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, basi. Ukumbi huu labda unataka tatu. Labda unataka saba, au kumi na tatu. Niachie mimi. Na wewe mzee usiondoke, kaa hapo hapo kwenye ndoo. Fremu naitoa sasa hivi mbele ya macho yako."

"Profesa," Binamu akanong'ona, "punguza."

Sikupunguza. Nilichukua chaki nikaukabili mlango wa stoo. Nilianza na urefu. Moja mara elfu moja mia nne thelathini na mbili. Mbili mara mia saba kumi na sita. Nne mara mia tatu hamsini na nane. Nane mara mia moja sabini na tisa. Mia moja sabini na tisa nikaijaribu kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu. Tasa. Haikutoa kitu. Nikahamia upana. Moja, mbili, nne, nane, na mara hii nane ilikwenda na mia moja thelathini na saba. Tasa nyingine.

Nilisimama mbele ya mlango, chaki mkononi, shingo ikiwaka moto.

"Haya," Msumeno akasema. "Fremu?"

"Vigawo vya shirika ni moja, mbili, nne na nane," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kuliko mimi.

"Kwa hiyo kikubwa ni nane. Sentimita nane!" Alijipiga paja, vumbi likaruka. "Hicho si kigae, kijana, hicho ni kipande cha sabuni! Vinaingia vingapi?"

Binamu alikuwa ameshaanza kuzidisha kwenye gunia la saruji. Sijui kwa nini alifanya hivyo, labda ili asinitazame. "Elfu ishirini na nne, mia tano ishirini na tatu," alisema.

"Mtamaliza wakati watoto waliozaliwa humo wanakuja kuzaa." Msumeno akainuka, akampa Shangazi mkono kwa heshima, na kwenye geti akageuka. "Daktari amenisimulia kiapo chenu. Mashine msiiuze mbali. Chuma chake kizuri."

Niliipiga ndoo teke ikafika ukutani. Nilitaka kumfuata. Nilitaka kuufuta mlango ule kwa ulimi. Shangazi hakunitazama, alikuwa amekaa chini na kamba mbili mapajani, akizipapasa kwa vidole kama mtu anayepapasa nguo kutafuta tundu.

"Mwanangu," akasema, "ulipogusa ukuta wa ukumbi ule, mkono wako ulitoka na nini?"

"Vumbi, Shangazi."

"Jeupe au jekundu?"

"Jekundu. La tofali."

"La tofali." Aliinua kichwa. "Lipu je?"

"Bado hawajapiga. Wanaanza wiki ijayo."

Binamu alishika mdomo. Shangazi akapiga kofi goti lake zima.

"Wewe mtoto! Umempima bwana harusi akiwa uchi, halafu unashangaa suti haimkai!"

Miaka sita kwenye kazi hii, na nimekwenda kupima matofali. Kigae hakikutani na tofali. Kigae kinakutana na lipu, na lipu inaula ukumbi kutoka kila ukuta.

"Ramani inasema lipu kiasi gani?" Shangazi akauliza.

Hilo nililijua, maana nilikuwa nimeisoma ramani yote kwa majivuno. "Sentimita mbili kila ukuta."

"Kuta mbili zinazotazamana?"

"Nne."

Alichukua kisu, akapima sentimita nne kwenye kila kamba, akakata. Vipande viwili vidogo vikaanguka mavumbini, na mimi nikaufuta mlango kwa kiganja.

Elfu moja mia nne ishirini na nane. Elfu moja tisini na mbili.

Safari hii sikupiga kelele. Nilikwenda kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kwanza urefu. Mbili, ilikwenda na mia saba kumi na nne. Tatu, ilikwenda na mia nne sabini na sita. Tatu imekubali! Nne, na mia tatu hamsini na saba. Tano ikakataa. Sita, na mia mbili thelathini na nane. Saba, na mia mbili na nne. Nane ikakataa, na tisa, na kumi, na kumi na moja. Kumi na mbili, na mia moja kumi na tisa. Kila kigawo kidogo kilikuja na mwenzake mkubwa ameshikwa mkono. Wadogo wakipanda, wakubwa wakishuka, na nilijua kwamba watakapopishana kazi imekwisha. Kumi na nne na mia moja na mbili. Kumi na saba na themanini na nne. Ishirini na moja na sitini na nane. Ishirini na nane na hamsini na moja. Thelathini na nne na arobaini na mbili. Baada ya hapo hapakuwa na wapya, walianza kurudi wale wale.

Nikaandika na vya upana kando yake. Mlango ulijaa mpaka kwenye bawaba. Kisha nikapita na chaki nikizungushia duara kila namba iliyoonekana pande zote mbili.

"Hesabu maduara," nikamwambia Binamu.

"Moja, mbili, tatu, nne, sita, saba, kumi na mbili, kumi na nne, ishirini na moja, ishirini na nane, arobaini na mbili, themanini na nne." Alivuta pumzi. "Kumi na mbili, Profesa. Hizi kuta ni ndugu wa tumbo moja."

Sentimita nne za mchanga na saruji, na kuta zilizokuwa hazisalimiani sasa zilikuwa na vigawo kumi na viwili vya pamoja. Mtu asiniambie kwamba hesabu ni kavu.

"Themanini na nne mashine haiwezi," Shangazi akasema. Yeye hakusoma mlango, alisikiliza. "Mwisho wetu ni arobaini na tano. Na chini ya ishirini tunarudi kwenye sabuni za yule bwana."

"Basi arobaini na mbili!" nikasema. "Thelathini na vinne kwa ishirini na sita. Vichache, vikubwa, tunamaliza mapema."

"Subiri," Binamu akasema. "Ua linakaa wapi?"

"Katikati."

"Panga watu thelathini na wanne kwenye mstari. Nani yuko katikati?"

Katikati ya watu thelathini na wanne hakuna mtu, kuna nafasi kati ya watu wawili. Daktari alitaka kigae kimoja, na alitaka pembe zote nne kijani. Rangi zinazopokezana zikianza na kijani kwenye safu yenye idadi shufwa, zinaishia na maziwa. Tulihitaji idadi witiri, urefu na upana. Nilirudi mlangoni. Ishirini na moja inatoa sitini na nane kwa hamsini na mbili, shufwa zote. Ishirini na nane...

"Hamsini na moja," nilisema, "kwa thelathini na tisa."

Binamu alinyanyua vidole, akahesabu kitu hewani, akaanza kucheka. "Witiri. Zote mbili, witiri!"

"Maneno ya mlangoni ni ya mlangoni," Shangazi akasema. "Nipeni kijiti."

Nikamkatia kijiti cha sentimita ishirini na nane kamili. Akapiga goti lake zima chini, lile bovu akalinyoosha pembeni, na akaanza kukitembeza juu ya kamba ndefu toka mwanzo wa ua wa nyumba. Alijikokota mita kumi na nne na zaidi. Tulimfuata pande zote mbili bila kumgusa, maana kumsaidia kungekuwa kumtukana. Nilihesabu. Arobaini. Arobaini na tano. Kwenye hamsini kamba iliyobaki ilionekana fupi mno. Akakilaza kijiti mara ya mwisho. Ncha ya kijiti na ncha ya kamba zikalingana kama midomo miwili iliyofungwa.

Shangazi alikaa pale pale kwenye vumbi. "Mwite mchomeleaji," alisema.

Alhamisi Daktari alipokuja alipata neno moja: tunaweza. Alitutazama juu ya miwani. "Yule bwana atakuwepo siku ya mwisho na msumeno wake," akasema. "Sina muda wa kutafuta fundi mwingine mkikwama."

"Aje," Shangazi akasema. "Niliyoyasema ya mashine bado nayasema."

Wiki iliyofuata niliishi na wapiga lipu. Nilikuwa na kipimo cha mbao cha sentimita mbili, na kila hatua moja ya ukuta nilikiweka.

"Kaka," mmoja akaniuliza, "wewe ni fundi vigae au askari wa zamu?"

"Hapo umezidisha. Kwangua."

"Nusu sentimita?"

"Nusu sentimita yako ni mashine ya shangazi yangu. Kwangua, ndugu yangu, nakuomba kabla sijakulazimisha."

Alikwangua. Nilipima tena kuta zote nilipomaliza kugombana nao, pembe kwa pembe, na namba zilikaa.

Kisha tukavuta mashine. Vigae elfu moja mia tisa themanini na tisa, fremu ikiwa imepunguzwa unywele mmoja kwa ajili ya uji wa saruji unaoingia kwenye mistari. Usiku wa kwanza wa kila kigae ni majini, siku zinazofuata ni kivulini. Binamu alipotaka kujua achanganye rangi kiasi gani, nilimfanyia hesabu: kijani mia tisa tisini na vinne, maziwa mia tisa tisini na vinne, na ua jekundu moja. Alinitazama akidhani namtania. Sikuzilinganisha mimi, zilijilinganisha zenyewe pande mbili za ua lile. Siku hiyo hakuniita Profesa kwa dhihaka. Aliniita hivyo hivyo, lakini sauti ilikuwa nyingine.

Tulianza kulaza kutoka katikati. Shangazi mwenyewe alililaza ua pale nyuzi mbili zilipokatana, akalipapasa, akaniachia. Kutoka pale vigae ishirini na vitano kwenda kila upande wa urefu, kumi na tisa kwenda kila upande wa upana. Sakafu ilitambaa kuelekea kwenye kuta siku kumi na moja, na kila jioni nilipima palipobaki, na kila jioni palibaki mara kamili ya ishirini na nane. Lakini kupima ni kupima. Mkono uliolaza vigae karibu elfu mbili unaweza kuiba unywele mmoja kila safu, na nywele hamsini ni kidole.

Siku ya mwisho Msumeno alikuja asubuhi. Alichomeka waya, akaujaribu msumeno mara moja, ukalia kama nyuki wa chuma, akauzima. Alijikalia dirishani. Daktari alikuja saa tisa alasiri, akasimama mlangoni na kalamu yake. Shangazi alikuwa kwenye kiti, mikono juu ya fimbo. Ilibaki pembe moja, kigae kimoja cha kijani.

Nilikishika. Nafasi ilionekana ndogo. Pembe huwa inaonekana ndogo, nilijiambia, lakini nilimsikia Msumeno akishuka dirishani, nikaisikia fimbo ya Shangazi ikikwaruza. Nilikilaza upande mmoja kwanza, nikakisukuma kwa kiganja. Kikagoma. Nilikiinua, nikafuta chembe moja ya saruji iliyokauka ukingoni kwa ukucha, nikakirudisha. Nikagonga mara moja kwa nyundo ya mpira.

Kikaingia. Hakikuingia kwa shida. Kilizama mahali pake kama aliyeitwa jina lake.

Msumeno alipiga magoti pembeni yangu, akalaza shavu sakafuni, akatazama mstari mzima toka ukuta hadi ukuta kwa jicho moja. Alitazama na upande wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama, kifua kinapanda na kushuka, na maneno yalinitoka yenyewe, kwa sauti, ukumbi ukayarudisha:

"Weka chini msumeno, sakafu haina pengo,
Si kazi ya majivuno, si ubishi, si maringo,
Namba zina mapatano, toka pembe hadi lango,
Nenda nao, una meno, nyumbani ukate tango."

Binamu alipiga kigelegele kilichowatoa wauguzi vyumbani. Hata Daktari alicheka, akavua viatu vyake mlangoni bila kuambiwa, akatembea pekupeku mpaka kwenye ua, akasimama hapo.

"Si kazi ya majivuno, anasema," Shangazi akasema. "Mwongo mkubwa. Lakini sakafu hii haijadanganya." Na uso wake, ambao sikuwahi kuuona ukilowa hata siku ya msiba wa mdogo wake, ambaye ni baba yangu, ulikuwa umelowa mpaka kidevuni.

Msumeno alikuwa bado amepiga magoti. Nilimngoja anijibu, nilikuwa na beti mbili zaidi tayari. Yeye alitoa penseli sikioni.

"Ile ishirini na nane," akaniuliza, "uliitoa wapi hasa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa swali. Nikatoa chaki mfukoni, nikainama kuandika pale pale sakafuni.

"Si juu ya sakafu yangu!" Shangazi, Binamu na Daktari walipiga kelele kwa pamoja.

Tukatoka barazani, tukageuza kifuniko cha sanduku lake la zana. "Nipe vipimo vya chumba unachokijua," nilimwambia.

"Sebule yangu mwenyewe. Mia tatu hamsini na moja kwa mia nne sitini na nane. Nililaza vigae mwaka jana."

Nikampa chaki. "Andika wewe. Anza na moja, kila namba na mwenzake."

Aliandika akitoa ulimi nje kama mtoto. Moja. Tatu. Tisa. Kumi na tatu nilimwonyesha, na mwenzake ishirini na saba alimwona mwenyewe. Kisha upande wa pili. Alizungushia maduara: moja, tatu, tisa, kumi na tatu, thelathini na tisa, na mia moja kumi na saba.

"Thelathini na tisa," alisema. "Vigae tisa kwa kumi na viwili." Aliangalia kifuniko, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kifuniko. "Nilikata siku tatu. Siku tatu nzima, mke wangu anakohoa vumbi!"

"Kamwombe radhi leo leo," Shangazi akamwambia akipita, ameegemea bega la bintiye. Alisimama mbele yangu, akanitazama toka kichwani hadi miguuni kama anayenipima fremu. "Na wewe, Fundi, usilale sana. Kesho mashine inataka grisi."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nikainama, nikaendelea kumwonyesha Msumeno, maana alikuwa ameshaanza chumba cha pili.